Pesto ya Kivumbasi

Kinoru, Meru
Ijumaa

Karimi,

Nguo zako zimekwisha kukunjwa. Sweta, kikombe chako cha uji, kadi ya kliniki, mafuta ya kukupaka kifuani ukikohoa: nyanya yako amevipanga vyote na kumweleza Tata Nkatha kwa simu kila kimoja ni cha nini. Mimi sikuulizwa. Kwa hiyo sitakuandikia juu ya sweta. Nitakuandikia juu ya majani, maana ni majani yaliyofanya kesho uende Embu bila mimi.

Siku utakayoisoma barua hii huenda utakuwa umeshaambiwa. Kama hujaambiwa, nakuambia mimi: mimi ndiye niliyekuzaa. Yule unayemwita Mama ni mama yangu. Huku kwetu msichana akizaa kabla ya kuolewa, mtoto ni wa boma la baba ya msichana. Hupewa jina la watu wa boma hilo, hulala na nyanya, hukua akimwita nyanya Mama na mama yake akimwita kwa jina, kama dada. Hakuna mtu anayekaa chini na kulipanga jambo hilo. Siku niliyokuleta kutoka hospitalini nyanya yako alikupokea mlangoni akawaambia majirani, "Mwoneni kitinda mimba wangu," nami nikaambiwa niende jikoni, kuna uji. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na tisa, niko kidato cha nne na wasichana waliokuwa nyuma yangu, na wewe unaniita Kendi.

Usidhani nililazimishwa kila siku. Siku nyingine nilipenda iwe hivyo. Jumapili moja, nje ya kanisa, ulianguka ukachubuka goti. Ulinyanyuka ukampita nyanya yako ukaja mbio kwangu ukilia "Mama! Mama!" Nilikuwa nimesimama na wasichana wa shule. Ulishika sketi yangu. Niliivuta, nikasema kwa sauti ili wasikie, "Mama yako ni yule pale." Mmoja wao akacheka, "Haki Kendi, huyu mtoto anajua kwao." Wewe ulinitazama, ukageuka, ukatembea polepole hadi kwa nyanya yako. Tangu siku hiyo hukunikosea tena jina. Mtoto wa miaka miwili hujifunza upesi kuliko tunavyodhani.

Na shuleni nako, mwalimu wa Sayansi Kimu akifika kwenye mada ya chakula cha mtoto huweka chaki chini na kusema, "Hapa tumuulize mtaalamu." Darasa zima hugeuka. Mimi si mtu wa kusema. Hata swali ninalolijua, jibu hunifika kooni likakaa hapo. Kwa hiyo husimama tu, wao wakacheka, nikaketi. Nakueleza haya ili ujue kwamba nilipomfuata Tata Nkatha nyuma ya jiko mwezi wa nne na kufungua kinywa, halikuwa jambo dogo kwangu.

Tata ni dada ya babu yako. Aliolewa Embu, yeye na mumewe, Mzee Nyaga, wana hoteli karibu na maofisi, na hawana mtoto. Alikuja akasema mbele ya wazee kwamba anakutaka. Babu yako hakubisha. Biashara yake ya miraa kule Kangeta imelegea, na mdomo mmoja kupungua mezani ni mdomo mmoja. Wakapeana mikono, chai ikaletwa. Nilimkuta Tata akinawa.

"Tata," nikasema, "nichukue na mimi."

Alikung'uta maji mikononi akinitazama kama anayenunua kitu sokoni. "Wewe utanifanyia nini?"

"Kazi yoyote."

"Wa kazi yoyote ninao wengi. Unajua kupika?"

"Nasoma Sayansi Kimu."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, utakipenda. "Haya basi, msomi. Wageni wa mashirika wakija kwangu wanataka spageti na pesto. Pesto inataka basili. Basili ya Nairobi inafika Embu imekuwa nyeusi kama soksi ya askari, na nikipanda, baridi ya mwezi wa saba inaua. Nitafutie jani la huku linaloweza kushika mahali pake. Likizo ya mwezi wa nane nitakuja na mzee, utupikie. Ikilika, mtakuja wawili, shule utamalizia Embu na jioni utanisaidia jikoni. Isipolika, nachukua mtoto peke yake. Sitaki maneno mengi baadaye."

Ndivyo ulivyopimwa, Karimi: wewe na mimi upande mmoja, sahani ya spageti upande wa pili.

Nilikuwa sijawahi kuonja pesto. Niliisoma katika kitabu cha mapishi cha maktaba ya shule, chenye picha iliyofifia. Majani, kitunguu saumu, njugu, jibini na mafuta, vyote vinapondwa. Jibini sikuwa nayo. Njugu za kwenye kitabu sizijui, lakini tuna mmakadamia nyuma ya choo, na wewe ndiye uliyeniokotea. Nilizipasua kwa jiwe kizingitini, ukala nyingi kuliko nilizotia kinuni.

Majani ndiyo yaliyonitesa. Nilianza na terere, mchicha wetu wa kienyeji, kwa kuwa lipo kila mahali. Bichi lilikuwa na ladha ya nyasi, nikajifunza kulichovya kwenye maji yanayochemka, kulitupa mara moja kwenye maji baridi, na kulikamua mpaka maji yaishe, la sivyo mchuzi unatambaa sahanini kama mlenda. Managu, yaani mnavu, yakawa machungu, na uchungu wake hukaa ulimini mpaka jioni. Majani ya kunde yalikauka mdomoni. Majani ya karoti ni mazuri, lakini lazima uchague machanga tu. Thabai, lile jani linalowasha mkono, ukilichemsha haliwashi tena na rangi yake ni ya kijani kuliko yote, ila halina harufu, na pesto isiyo na harufu ni mboga iliyopondwa. Dania, giligilani ya vitabuni, ina harufu ya kutosha nyumba mbili. Peke yake ni kali. Nilipochanganya dania mkono mmoja na terere lililokamuliwa mkono mmoja, makadamia za kukaangwa kidogo, kitunguu saumu, chumvi, limau na mafuta ya alizeti, nilionja nikakaa chini.

Ulikuja ukachovya kidole. Ukachovya tena. Babu yako alipaka kwenye nduma akala akiwa amesimama, akasema, "Hii hata mtu anaweza kuuza." Hajawahi kusema neno kama hilo juu ya kitu nilichofanya.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshashinda. Ningeacha hapo, kesho tungekuwa tunapanda gari pamoja. Kama kuna kitu ninachotaka ukichukue kutoka kwa maisha yangu mafupi, ni huu ujinga wangu, ili ukiuona kwako uutambue. Nilikuwa na chakula kizuri, watu wamekila wakakisifu, nami nikaenda kutafuta katika kitabu kama kilikuwa sahihi.

Kitabu kilikuwa cha mimea, kwenye rafu ya Kilimo. Kilisema basili ina ndugu wa mwituni wanaoota huku kwetu kwenye nyanda za juu. Nilitazama mchoro wa jani, shina la pembe nne, maua madogo kama mnara. Nikalijua. Lilikuwa limeota kando ya ua wetu. Kiswahili chake ni kivumbasi. Nyanya yako hulitandika chini ya ghala ili fukusi wasiingie kwenye mahindi. Tata aliomba jani la kushika mahali pa basili, na mimi nimempata ndugu yake wa damu! Niliwaza atakavyoshangaa. Niliwaza nitakavyomweleza, na mara hii jibu halitakaa kooni.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda uani na kisu. Nyanya yako alikuwa anaanika nguo. Matawi ya juu sikuyafikia. Alikuja bila kuitwa, akaniinamishia tawi moja, akalishika mpaka nikamaliza kuchuma. Nilidhani ni upendo.

Nilionja kabla ya kuandaa. Ilikuwa na ukali wa dawa, kama kafuri. Nikajiambia ndiyo ladha ya basili, mimi nitajuaje? Ulimi wangu ulikataa nikaufuata ukurasa.

Walifika saa saba. Mzee Nyaga ni mtu wa mzaha, na alipoona sahani alijisogeza nyuma. "Nkatha, nimeitwa kula ama kupelekwa malishoni? Hii rangi nikimwekea mbuzi atamuuliza mwenzake kama inalika."

"Kula, mzee," Tata akasema. "Wazungu wanalipia hii."

"Wazungu wanalipia hata kupanda mlima ambao hakuna kitu huko juu."

Babu yako alicheka. Hata mimi nilicheka. Ulikuwa mapajani mwa Tata tayari, ukicheza na mkufu wake. Akazungusha spageti kwenye uma, akainua, na kabla haijafika mdomoni akasimama hivyo hivyo, uma hewani. Nilimwona akinusa. Akanusa tena. Akakuweka chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachovunjika.

"Nani amechuma haya majani?"

Nikasimama. Niliandaa maneno yangu. "Tata, ni kivumbasi. Ni wa ukoo mmoja na basili, nimesoma kwamba..."

"Nimekuuliza nani amechuma."

"Mimi."

Alimtazama nyanya yako. Nyanya yako alikuwa anatazama sahani. Tata akaweka uma, akatoka nje, tukamsikia akitapika kando ya tangi.

Hakuna aliyenieleza mpaka nilipomsikia Mzee Nyaga akimwambia babu yako kwa sauti ya chini, na mzaha wote umemtoka: "Mnajua alikuja kuzalia hapa." Ndipo nikaelewa nusu, na nusu nyingine babu yako akaimalizia akiwa amejishika kichwa. Tata alikuja kujifungulia nyumbani, katika chumba unacholala sasa. Ulikuwa msimu wa mvua nyingi, barabara imekatika. Mtoto akaishi siku moja. Gari halikuweza kufika, mwili ukakaa ndani wakingoja, na nyanya yako akakata kivumbasi akakizungushia kitanda, akajaza dirisha, akatandika sakafu, ili nzi wasije na harufu isikike ya majani tu. Tata alilala humo na harufu hiyo mpaka barabara ilipofunguliwa. Hakuzaa tena. Mimi nilikuwa mdogo wakati huo, nilipelekwa kwa jirani. Kitabu hakikuwa na habari hiyo.

Tata alirudi amenawa uso. Hakuketi.

"Hakujua," babu yako akasema.

"Ametimiza miaka kumi na tisa na hajui kilichotokea ndani ya nyumba yao," Tata akajibu. "Lakini kitu cha vitabuni anajua." Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Mimi nimekubali kulea mtoto wa mtu mwingine. Sitaweza kumlea huku nikimwangalia aliyemzaa kila asubuhi na kunusa siku ile. Nitakuja kumchukua akiwa amezoea wazo. Wewe baki na vitabu vyako."

Walikwenda bila kula. Ile spageti tuliwapa kuku, na kuku nao wakaiacha.

Nilingoja siku kadhaa kabla ya kumuuliza nyanya yako. Tulikuwa tunapura maharagwe, wewe umelala kwenye gunia karibu nasi.

"Mama, ulikumbuka lile jani?"

"Nililikata mimi mwenyewe siku ile. Nitasahauje?"

"Uliniona nikichuma."

"Nilikushikia tawi."

Alisema hivyo na mikono yake ikaendelea. Nilimuuliza kwa nini. Akapepeta kwanza, akapuliza makapi.

"Nkatha namjua. Mngeenda wawili, Embu kungekuwa na mama mmoja na yaya mmoja, na yaya ni wewe. Ungepika, ungeosha sahani, ungembeba mwanao ukimsikia akimwita mwingine Mama, na shule ungeiona dirishani. Hapa umebakiza muhula mmoja na kidogo. Mtoto aende akashibe. Wewe usome."

"Ungeniambia tu."

"Ungenisikia? Ulikuwa unaimba jikoni."

"Atadhani nilimtupa."

"Mtoto husahau, Kendi. Nilipolazwa na ile homa ukiwa kama huyu, nilirudi nikakuta unamwita mke wa jirani Mama. Nilikunyooshea mikono ukajificha nyuma yake." Akaokota kijiwe katika maharagwe, akakitupa. "Nilikuchukua hivyo hivyo ukipiga kelele. Leo unakumbuka?"

Sikumbuki. Nimejaribu sana. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko tawi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipekua hesabu yake nikitafuta alipokosea. Katika mambo ya Tata nadhani amesema kweli. Katika mambo ya shule amesema kweli. Hakunipiga, hakunitukana, alininyanyulia mkono kunisaidia, na kwa mkono huo akaninyang'anya. Sijamsamehe, na bado nafua nguo zake. Sikuambii umchukie. Nakuambia tu kwamba mtu anaweza kukutakia mema na kukukata kwa kisu hicho hicho, na kwamba ukiwa mkubwa utajikuta umeshika tawi la mtu. Mimi tayari nimeshika moja. Nitakueleza sasa hivi.

Kwanza hili la chakula. Wiki mbili baadaye Tata alipiga simu. Hakuniomba mimi. Alimwambia nyanya yako kwamba babu yako alimtajia kwa simu pesto ile ya kwanza, ya dania na terere, na je, inapikwaje? Nyanya yako akawa ananiuliza huku ameshika simu sikioni, nami nikataja: terere lisichemke kupita kuhesabu kumi, likamuliwe sana, dania iingie mbichi na vijiti vyake, makadamia zisiungue, limau mwishoni. Yeye akarudia kila neno kwa Kimeru. Tata akashukuru, akamshukuru yeye. Sasa iko Embu na inauzwa, Mzee Nyaga mwenyewe anasema wageni wanalamba sahani. Utaila karibu kila siku. Utakua ukiijua kama chakula cha kwenu, chakula cha mama yako Nkatha. Sina la kuongeza hapo. Ila ukianza kuipika mwenyewe, usiweke terere lingi ili kubana dania. Watu wa hoteli hufanya hivyo, na ladha huondoka.

Na sasa hilo tawi.

Jioni, baada ya wewe kuoga, walikaa sebuleni wakajadili jinsi ya kukutoa. Tata anafika saa mbili asubuhi na hataki kelele barabarani, anaogopa watu watasema anaiba mtoto. Babu yako akapendekeza ubebwe ukiwa umelala. Nyanya yako akakataa, kwamba utaamka njiani ukakabwa na kilio. Kisha wote wakanitazama. Tata alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, na ndiye aliyesema: "Kendi amwingize garini. Kwa Kendi halii."

Ni kweli. Kwangu hulii. Tangu ile Jumapili ya kanisani hujalia tena mbele yangu.

"Amwambie anakuja na gari la nyuma," nyanya yako akasema. "Akisikia hivyo atatulia mpaka Embu."

Walingoja. Ningeweza kukataa. Nilifikiria wewe ukishikwa mikono na miguu ukiingizwa, kiatu kimoja kikibaki barabarani, na nikafikiria wewe ukiwa umekaa vizuri dirishani ukitazama nyuma kuona gari langu. Sikujua ni lipi baya zaidi. Bado sijui. Lakini kinywa changu, ambacho hukwama mbele ya darasa zima, safari hii hakikukwama. Nilisema, "Sawa."

Kwa hiyo kesho nitakuvalisha, nitakubeba mpaka garini, nitakufunga mkanda. Utaniuliza, kwa sababu wewe huuliza kila kitu, "Na wewe Kendi?" Nami nitakuambia: "Nakuja na gari la nyuma." Utaniamini. Hujawahi kunishika nikikudanganya, ndiyo maana utaniamini. Utageuka mara ngapi kati ya hapa na Embu sijui. Mahali fulani njiani utaacha kugeuka, na mimi nitakuwa katika darasa la ziada la hesabu, kwa sababu mwalimu amesema Jumamosi hii hakuna kukosa.

Utakasirika. Utamkasirikia aliye karibu nawe, ndivyo watoto walivyo, na aliye karibu atakuwa Tata. Utamng'ata, utamwita mwongo, utakataa chakula chake. Yeye hatajitetea, maana hapendi maneno mengi. Karimi, yeye hakukuahidi gari lolote. Alikuja kukuchukua kweupe, mbele ya watu, kama alivyosema atakuja. Mpe nafasi akupende, ana haki hiyo, na wewe unaihitaji.

Aliyekudanganya ni mimi. Ukitaka kumchukia mtu kwa sababu ya siku ya kesho, usikosee mtu.

Mama yako,
Kendi